Umra wakati wa korona: Mombasa, Makka na Madina, Februari na Machi 2022

Tuliporudi, watu waliotaka kwenda Umra, ile hija ndogo, Ramadhani ya 2022 waliniuliza swali lile lile: chanjo gani, vipimo gani? Jibu la mkato halipo, kwa sababu masharti tuliyoondoka nayo Mombasa mwezi wa Februari siyo tuliyoyaacha Makka, wala siyo yaliyotupokea Nairobi. Kwa hiyo naeleza safari yenyewe, tarehe kwa tarehe, kutoka kwenye daftari langu la mfukoni na picha za simu. Nilisafiri na Mama, mtu mzima wa miaka sitini na ushei mwenye magoti yanayomsumbua, na hamu yangu kubwa ilikuwa asije akasimamishwa mahali kwa ajili ya karatasi.

Januari, Mombasa: sindano na vyeti

Kenya ilianza kuchanja Machi 2021 kwa AstraZeneca iliyotengenezwa India, ile ambayo chupa zake zimeandikwa Covishield. Mama alidungwa ya kwanza Aprili, zamu ya waliotimiza miaka 58 ilipofunguliwa. Kisha India ikazuia chanjo zake zisipelekwe nchi za nje, na sindano ya pili ikasogezwa mpaka Juni. Tarehe zote mbili zilikuwa kwenye kadi ndogo ya zahanati. Lakini tulipoingia mtandaoni kupakua cheti chenye msimbo wa QR, tukaona dozi moja tu. Ya pili haikuwa imeingizwa.

Hili liliwapata wengi, na njia ya kulitatua ilikuwa moja: kurudi pale pale ulipodungwa, na kadi mkononi. Muuguzi tuliyemkuta alikuwa msichana mdogo. Alimwamkia Mama, akaitazama kadi mbele na nyuma, akaenda kabatini akatoa daftari refu lenye jalada gumu jeusi. Akaanza kushuka na kidole, mstari kwa mstari. Kurasa za Juni zilikuwa zimejaa mpaka pembeni, majina yameandikwa kwa mikono tofauti, mengine kwa kalamu nyekundu. Akapita kurasa kadhaa bila kusema neno, akasimama. "Huyu hapa mama yangu. Na namba ya chupa hii hapa." Akaingiza kwenye kompyuta mbele ya macho yetu. Baada ya siku mbili cheti kilikuwa kamili. Kama ile kadi ingekuwa imepotea, sijui angeanzia wapi kututafuta. Itunzeni kadi ya zahanati kama mnavyotunza pasipoti.

Mama alidungwa pia ya nyongeza mwezi huo huo. Mimi nilikuwa na Johnson & Johnson, sindano moja, ambayo Saudia iliihesabu kuwa chanjo kamili. Orodha yao kuu ilikuwa na nne: Pfizer, AstraZeneca, Moderna na Johnson & Johnson. Aliyechanjwa kwa nyingine inayotambuliwa na Shirika la Afya Duniani aliweza kuingia kwa Umra, ila kwa kukaa karantini siku tatu na kupimwa tena kabla ya kuachiwa. Kwa mwenye safari ya wiki mbili, siku tatu za chumbani zilikuwa hasara kubwa, kwa hiyo ilibidi uangalie jina la chanjo kabla hujaangalia bei ya tiketi.

Jambo ambalo wengi wanalisahau kwa kuishughulikia sana korona: Umra ina chanjo zake za tangu zamani. Homa ya uti wa mgongo, ile inayokinga aina nne za A, C, W na Y, lazima uwe umedungwa angalau siku kumi kabla ya kufika. Na sisi tunaotoka Kenya tunadaiwa homa ya manjano pia, ambayo nayo huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano. Ukienda kudungwa wiki ya safari, umechelewa hata kama pesa unazo.

Kitabu cha manjano cha Mama, kile cha kuandikiwa chanjo za safari, kilikuwa cha 2009, na ndani kimeandikwa kwamba kinaisha baada ya miaka kumi. Wakala wa safari alisisitiza kwamba Mama adungwe upya. Ofisini kwa maafisa wa afya wa bandari tukaambiwa hapana haja: tangu tarehe 11 Julai 2016, cheti cha homa ya manjano kinafaa kwa maisha yote, hata vile vya zamani vilivyoandikwa miaka kumi. Ni kanuni ya kimataifa, na nchi haiwezi kukikataa kwa sababu ya umri wake. Niliichapisha kanuni hiyo, nikaikunja ndani ya kitabu.

Mwanzo wa Februari: tiketi

Tiketi ya bei nafuu kuliko zote ilipitia Addis Ababa. Wakala mmoja alikuwa tayari kutukatia. Lakini wakati huo Saudia ilikuwa imezuia wasafiri wanaoingia moja kwa moja kutoka Ethiopia, katazo lililokuwapo tangu katikati ya 2021. Nilimwuliza wakala swali moja: tukikwama Addis, nani analipa? Akanyamaza. Tukachukua ndege ya moja kwa moja, Nairobi hadi Jeddah, ghali zaidi kwa karibu shilingi elfu kumi na tano kila mmoja.

Masharti ya nchi unayopita ni masharti yako pia, hata kama hutoki nje ya uwanja wa ndege. Nilikuja kuyapanga kichwani hivi: nchi ninayotoka inataka nini ili iniachie, ndege inataka nini ili inipakie, nchi ya katikati inataka nini, ninakokwenda wanataka nini, na nyumbani watataka nini nikirudi. Hili la mwisho ndilo watu hulikumbuka wakiwa tayari wako Madina.

Jumatano, 23 Februari: Mombasa hadi Nairobi

Kuanzia tarehe 9 Februari, kila anayeingia Saudia, awe amechanjwa au hakuchanjwa, alitakiwa awe na kipimo cha korona kilichochukuliwa ndani ya saa 48 kabla ya kuondoka. Ungeweza kupimwa Mombasa, lakini treni, usiku wa Nairobi na majibu yanayochelewa vingekula saa hizo zote. Tukaamua kupimwa Nairobi.

Teksi hadi stesheni ya Miritini shilingi 1,200. Treni ya asubuhi ilikuwa shilingi 1,000 kwa kila mtu daraja la kawaida. Fikeni saa nzima kabla: mizigo inapangwa chini na kunuswa na mbwa, kisha inapita kwenye mashine, kisha inakaguliwa tiketi na kitambulisho. Mama na magoti yake alipanda ngazi polepole, na kijana mmoja aliyevaa sare ya shule ya ufundi akabeba sanduku letu mpaka ndani ya behewa bila kuombwa. Alikaa mabehewa mawili mbele, hata jina lake sikulipata.

Mama alikuwa amefunga mahamri kwenye kitambaa, na chupa ya chai ya tangawizi. Baada ya Voi tukawaona tembo wa Tsavo, wekundu kwa vumbi, wakielekea kwenye bwawa. Kuanzia Mtito Andei nililala mpaka Syokimau.

Alhamisi, 24 Februari: kipimo

Ndege yetu ilikuwa ya kuondoka Ijumaa saa tano usiku. Nikahesabu kwa kurudi nyuma: saa 48 zinaanzia Jumatano saa tano usiku. Sampuli ya Alhamisi saa nne asubuhi iko ndani, na inatuachia nafasi ya kutosha hata ndege ikichelewa kwa saa kumi. Huo ndio mpango ninaoupendekeza. Usipimwe mapema sana kwa hofu ya majibu kuchelewa, maana ndege ikiahirishwa unapimwa upya, wala usingoje saa za mwisho. Na ulizeni saa inaanza kuhesabiwa wapi. Nchi nyingine zilihesabu tangu sampuli ilipochukuliwa, nyingine tangu majibu yalipotoka. Zilikuwapo zilizohesabu mpaka ndege inapoondoka, na zilizohesabu mpaka inapotua. Kenya na Saudia zina saa sawasawa, kwa hiyo hatukuwa na hesabu ya tofauti ya saa. Anayekwenda mbali zaidi azingatie hilo.

Kipimo cha PCR kilitugharimu shilingi 5,000 kila mmoja. Maabara iliahidi majibu jioni.

Majibu yalifika Ijumaa asubuhi, kwenye simu. Nikakaa kitandani nikayasoma herufi kwa herufi, pasipoti nimeifungua pembeni. Jina la Mama sawa, tarehe ya kuzaliwa sawa, lakini namba ya pasipoti ilikuwa na 3 mahali pa 8. Nikapiga simu, haikushikwa. Tukachukua teksi kurudi maabara, shilingi 700. Karani aliitazama karatasi, akaitazama pasipoti, akarekebisha kwa dakika tano na kutupa nakala mpya yenye mhuri. Dakika tano pale ni nafuu kuliko saa tatu za kubishana uwanja wa ndege. Someni karatasi zenu kabla hamjatoka maabara, na mkiletewa kwa simu, zisomeni siku hiyo hiyo.

Majibu ya Kenya yalitakiwa yaingizwe kwenye jukwaa la Trusted Travel, lile la Umoja wa Afrika, ambalo linakupa msimbo wa kuonyesha uwanjani. Maabara ndiyo iliyotutumia namba ya kufungulia. Upande wa Saudia nikasajili taarifa za chanjo zetu kwenye tovuti ya Muqeem. Vyote nikavichapisha: cheti cha chanjo, kipimo, usajili, bima ya matibabu iliyokuja na viza, vitabu vya manjano. Nakala mbili mbili, moja kwenye mkoba wangu na moja kwenye mkoba wa Mama, kila kitu ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Simu huzima. Karatasi haizimi.

Ijumaa, 25 Februari: kaunta ya ndege

Nilidhani mtihani utakuwa Jeddah. Ulikuwa Nairobi, kwenye kaunta ya kupokea mizigo.

Nawaeleza jinsi panavyofanya kazi, kwa sababu ukilielewa hili utaelewa mengi. Yule anayekagua pasipoti yako kwenye kaunta hana mamlaka ya nchi yoyote, lakini ndiye anayeamua kama utapanda. Ndege ikimbeba mtu asiyetimiza masharti, inalipishwa faini na inatakiwa kumrudisha kwa gharama yake. Kwa hiyo mfanyakazi anafungua mfumo uitwao Timatic, ambamo masharti ya nchi zote yamewekwa, na anasoma kilichoandikwa siku hiyo. Unachokijua wewe, alichokuambia binamu yako aliyesafiri Desemba, hata alichosema waziri jana kwenye televisheni, havina nguvu pale mpaka viwe vimeingia kwenye skrini yake.

Dada aliyetuhudumia aliangalia kipimo, akahesabu saa kwa vidole. Akachukua kadi ya Mama ya zahanati, niliyokuwa nimeiweka juu, akauliza: "Hii Covishield ni nini? Kwenye orodha yangu haipo." Nikampa cheti kilichochapishwa, ambacho kimeandikwa AstraZeneca, pamoja na namba ya chupa ile ile iliyoko kwenye kadi. Akalinganisha namba mbili, akaridhika. Ni chanjo moja, imetengenezwa viwanda viwili, lakini katika mwaka wa 2021 tofauti hiyo ya jina iliwasumbua watu wengi, hasa waliokuwa wakienda Ulaya. Cheti cha kidijitali cha Umoja wa Ulaya kilipoanza Julai 2021, Covishield haikuwa imeidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Ulaya, na kila nchi ikaachiwa iamue yenyewe kama itaipokea.

Nyuma yetu alikuwapo bwana mmoja wa makamo, naye anakwenda Umra, ambaye sindano yake ya uti wa mgongo ilikuwa na siku sita tu. Wakala wake hakumwambia habari ya siku kumi. Walimtoa kwenye foleni. Nilimwona ameketi juu ya sanduku lake, ihramu, zile shuka nyeupe za Umra, imekunjwa mapajani, anapiga simu. Mama alimwendea akampa maji na kumwombea dua. Sikumwona ndani ya ndege.

Nilivaa ihramu uwanjani, kwenye chumba cha kusalia. Rubani alitangaza tulipokaribia miqati, mpaka wa kunuia Umra, watu wakanuia, na talbiya, ile dua ya kuitikia wito, ikapanda kutoka viti vya nyuma hadi vya mbele, sauti zikipita kwenye barakoa. Wengi huuliza kama barakoa inaharibu ihramu. Wanazuoni walishalijibu swali hilo tangu mwanzo wa janga: inaruhusiwa kwa haja.

Jumamosi, 26 Februari: Jeddah na Makka

Jeddah haikuchukua muda. Meza ya afya waliangalia kipimo, chanjo na vitabu vya manjano. Afisa alifungua kitabu cha 2009, akaona tarehe, akakirudisha. Ile kanuni niliyoikunja ndani haikuguswa. Kisha alama za vidole, muhuri, mizigo.

Nunueni laini ya simu uwanjani hapo hapo, kwa pasipoti. Ruhusa ya kufanya Umra na ya kuingia Raudha, mahali pa kusalia karibu na kaburi la Mtume huko Madina, ilitolewa kwa programu ya Eatmarna, na hali yako ya chanjo ilionekana kwenye Tawakkalna. Zote mbili zilituma ujumbe wa kuthibitisha, na kwenye laini yangu ya Kenya ujumbe haukufika. Laini ya mgeni iligharimu riyali 75. Riyali moja ilikuwa kama shilingi 30 za Kenya.

Teksi hadi Makka riyali 200, mwendo wa saa moja na kitu. Hotelini, kijana Msudani wa mapokezi alimwona Mama amechoka, akampa kiti na kikombe cha chai kabla ya kuuliza chochote. Kisha akachukua simu zetu na kukaa nazo mpaka programu zote mbili zikakubali. Zamu yetu ya Umra ikapatikana: saa mbili usiku, siku hiyo hiyo. Nilipotaka kumpa chochote alikataa. "Nyinyi ni wageni wa Mwenyezi Mungu," alisema kwa Kiarabu chepesi ambacho hata mimi nilikielewa.

Usiku ule tuliingia Haram, msikiti mkuu wa Makka. Mlinzi alitazama skrini ya simu, rangi ya kijani, akatupungia. Kaaba ilikuwa imezungushiwa vizuizi tangu 2020, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuigusa wala kulifikia Jiwe Jeusi. Chini waliruhusiwa wenye ruhusa ya Umra tu, na njia za kutufu, yaani kuizunguka Kaaba, zilikuwa zimechorwa. Mama alitufu kwa miguu yake, mkono wake umeshika ihramu yangu begani. Alikuwa ameingojea siku hii tangu 2020, mwaka ambao nauli yake ilirudishwa na safari zikafungwa, na alilia mzunguko wa kwanza mpaka wa mwisho. Sai, kule kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa, alifanya kwa kiti cha magurudumu, mimi nikisukuma. Zamzam tuligawiwa kwa chupa ndogo zilizofungwa.

27 Februari hadi 4 Machi: Makka

Siku za kusali, kulala na kula. Ful na mkate wa tamis asubuhi kwa riyali chache, mandi ya kuku jioni kwa riyali 18, sahani moja ikitutosha wawili.

Tulisali tumeachana nafasi. Mwishoni mwa Desemba, kwa ajili ya Omicron, aina mpya ya korona, Saudia ilikuwa imerudisha alama za kuachana nafasi ndani ya misikiti miwili mitukufu ya Makka na Madina. Ijumaa ile ya tarehe 4 Machi nilisali nikiwa na nafasi ya mtu mzima kushoto na kulia, nimesimama juu ya alama ya karatasi iliyobandikwa sakafuni. Kwa mtu aliyelelewa kwenye safu zilizobanana, moyo haukutulia.

Jumamosi, 5 Machi: tangazo

Tulikuwa tunakula. Televisheni ya mkahawa ilikuwa imewashwa bila sauti, na mtu wa meza ya pili akasema kitu kwa sauti, watu wakashika simu. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Saudia ilikuwa imeondoa karibu kila kitu kwa tangazo moja: hapana tena kuachana nafasi misikitini, hapana barakoa nje, hapana karantini kwa wanaoingia, hapana kipimo kabla ya kusafiri. Makatazo ya safari za moja kwa moja kutoka nchi kadhaa yakafutwa, Ethiopia ikiwemo. Njia ya Addis niliyoikataa mwezi uliopita ikawa wazi.

Mpishi Mpakistani alitoka jikoni kuuliza kuna nini. Alipoambiwa, alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na kuifuta miwani yake kwa aproni, kwa muda mrefu.

Jumapili, 6 Machi: Alfajiri

Tuliondoka mapema. Wafanyakazi walikuwa wamebandua alama nyingi, na kwenye marumaru ilibaki gundi, vipande vya mraba vyenye vumbi, safu baada ya safu. Muadhini alipokimu, mtu wa kulia kwangu alinigusa bega na kunivuta. Nikamvuta wa kushoto. Barakoa bado zilitakiwa ndani, kwa hiyo sikuona uso wa mtu, lakini nilisikia mabega. Mama naye alinisimulia baadaye kwamba bibi mmoja wa Indonesia alimshika mkono wakati wa kusimama na hakuuachia mpaka imamu alipoanza kusoma.

Siku hizo hizo ikatangazwa pia kwamba ruhusa ya simu haitakiwi tena kwa kusali Haram. Kwa Umra na kwa Raudha ilibaki.

Jumatatu, 7 Machi: treni ya Madina

Treni ya Haramain inakwenda kilomita 300 kwa saa, na safari ni kama saa mbili na dakika ishirini. Tiketi ya kawaida ilikuwa chini ya riyali 200 kwa mtu, ukikata mapema. Stesheni ya Makka iko mbali na Haram, hesabuni na teksi.

8 na 9 Machi: Madina

Raudha ina zamu za wanaume na za wanawake mbali mbali, kwa hiyo Mama alikuwa aingie peke yake, na simu mkononi ambayo haiamini sana. Nilimfundisha usiku: fungua hapa, onyesha hii. Asubuhi kwenye lango la wanawake nilisimama nikimtazama, sijui nifanye nini. Mwanamke aliyevaa baibui, aliyekuwa mbele yake, aligeuka akasikia Kiswahili chetu. Alikuwa mtu wa Tanga. "Niachie mimi, kaka," akaniambia, "huyu ni mama yangu leo." Akamshika mkono, wakaingia. Walitoka baada ya saa nzima, wamekuwa marafiki, wamebadilishana namba. Tangu turudi wanapigiana simu kila Ijumaa.

Tulizuru msikiti wa Quba na mlima wa Uhud, tukanunua tende za Ajwa.

10 na 11 Machi: kipimo cha kurudi

Kenya ilidai PCR ya siku chache kabla ya kufika, na tulikuwa tunaondoka Jumamosi. Tukapimwa Alhamisi, riyali 150 kila mmoja, majibu siku ya pili asubuhi.

Ijumaa hiyo hiyo, tarehe 11, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba aliyechanjwa kamili hahitaji tena kipimo kuingia Kenya, na kwamba barakoa si lazima tena mahali pa wazi. Asiyechanjwa alete PCR ya ndani ya saa 72, na apimwe tena akifika kwa gharama yake. Kundi la Wakenya hotelini walishangilia, na waliokuwa bado hawajapimwa wakaacha kwenda. Mama aliniuliza kama tulipoteza pesa. Nikamwambia tungoje tufike kaunta.

Jumamosi, 12 Machi: Jeddah hadi Nairobi

Treni ya asubuhi kutoka Madina inasimama ndani ya uwanja wa ndege wa Jeddah wenyewe. Inarahisisha mno kwa mwenye mzazi na mizigo.

Kwenye kaunta, skrini ilikuwa bado inasoma masharti ya wiki iliyopita. Kipimo kilidaiwa. Tukatoa karatasi, tukapita. Mzee mmoja na mkewe kutoka Lamu, waliokuwa nyuma yetu, hawakuwa nacho. Mzee alionyesha habari kwenye simu, mfanyakazi akasema hawezi kufuata habari ya simu. Nilikuwa nimepakua tangazo lenyewe la wizara, lenye nembo na tarehe, nikamtumia mzee, naye akampa msimamizi. Msimamizi akapiga simu mahali, akangoja, akapiga tena. Ilikuwa zaidi ya saa moja kabla hajarudi na kusema wapite. Waliingia ndegeni wakiwa wa mwisho.

Kwa hiyo masharti yakilegezwa ukiwa safarini, pimwa tu kama ulivyopanga, ikiwa pesa inaruhusu. Tangazo huanza kufanya kazi kwa wizara siku ile ile. Kwa kaunta huchukua siku zaidi.

Nairobi, afisa wa afya aliangaza msimbo wa QR wa vyeti vyetu, akasema karibuni nyumbani. Kipimo hakukitaka.

Kwa waliokwenda Ramadhani ya 2022

Kufikia Ramadhani hiyo PCR ya kuingia Saudia haikudaiwa tena, na njia za kupitia Addis zilikuwa zimefunguka. Hata hivyo niliwaambia wabebe cheti cha chanjo ya korona kilichochapishwa, maana ndege na nchi za katikati zilikuwa na masharti yao. Uti wa mgongo na homa ya manjano havikuguswa na tangazo lolote: siku kumi ni siku kumi. Ramadhani ilitazamiwa kuanza tarehe 2 au 3 Aprili, hivyo aliyetaka kuwa Makka siku za mwanzo ilibidi adungwe mapema. Ruhusa ya Umra ilikatwa kwenye Eatmarna, na niliwashauri waikate mara wanapopata viza, kwa kuwa zamu za Ramadhani hujaa haraka.

Gharama zetu za afya peke yake, kwa watu wawili: PCR ya Nairobi shilingi 10,000, PCR ya Madina riyali 300, ambazo ni kama shilingi 9,000, teksi ya kwenda kurekebisha namba shilingi 700, na kuchapisha karatasi shilingi 400. Chanjo za korona zilikuwa bure. Ya uti wa mgongo bei yake inatofautiana sana kati ya hospitali na hospitali, kwa hiyo pigeni simu mbili tatu kabla hamjatoka nyumbani, na muulize kama cheti kitaandikwa aina zote nne za A, C, W na Y.